Programu ya kampuni: itengenezwe au itupwe?

KAMPUNI nyingi ndogo na za kati huanza kufikiria kubadilisha programu yao ya kompyuta siku ambayo hesabu zinakataa kukubaliana. Stoo inasema kuna magunia 380, kompyuta inasema 412, na mwenye mali hajui amwamini nani. Haupiti muda mrefu anajitokeza muuzaji mwenye programu mpya ambayo, kwa maelezo yake, itamaliza matatizo yote hayo kwa mpigo.

Kwa msagaji wa mpunga wa Mabogini, kwenye uwanda wa chini kati ya mji wa Moshi na mashamba ya miwa ya TPC, huo ni uamuzi wa mamilioni ya shilingi. Kwa kampuni kubwa ni wa mabilioni, na wenye hisa wengi husikia maneno mawili tu juu yake, "mfumo mpya". Ni vema basi wafanyabiashara na wawekezaji wadogo wakajua jinsi uamuzi huu unavyopimwa, kwa sababu ukipimwa vibaya hasara yake huwa kubwa kuliko ya mashine iliyoungua.

Mabogini yenyewe ina mfano mzuri wa kuanzia, ingawa hauhusu kompyuta. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilijengwa kwa fedha za Japani na kukamilika mwaka 1987. Ilikuwa na mifereji ya zege, milango ya maji na mashamba yaliyosawazishwa, na ilipangwa kuhudumia kiasi cha hekta 2,300, kati ya hizo 1,100 zikiwa za mpunga. Mavuno ya mpunga yalipanda hadi kufikia tani 6 hivi kwa hekta, kiwango ambacho wakulima wengi wa nchi hii walikuwa hawajakiona. Lakini haukupita muda mrefu maji yakaanza kupungua kwenye mifereji hiyo na eneo linalolimwa mpunga likapungua nalo.

Mtu aliyesimama kwenye mfereji mkavu angeweza kusema kwamba mfereji umeharibika. Sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa mbali na hapo. Wakulima wa upande wa juu wa mito, nje ya skimu, walikuwa wameona faida ya mpunga na kuanza kuulima wao pia, wakiyachukua maji kabla hayajafika chini. Hata ungevunja zege lote na kumwaga jipya, maji yasingeongezeka ndoo moja. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kugawana maji, zamu, mikutano na makubaliano, kazi ambayo haiuzwi na mkandarasi yeyote.

Mwenye kampuni anayetaka kubadilisha programu anatakiwa aanze na swali hilohilo. Je, tatizo liko kwenye mfereji au kwenye maji? Programu ni mfereji. Maji ni zile tarakimu zinazoingizwa kila siku na karani wa stoo, mpima mizani, dereva na muuzaji wa kaunta.

MAGUNIA YA KARATASI NA MAGUNIA YA KWELI

Tuchukue biashara ya mpunga yenyewe. Wakala wa Vipimo na serikali wamepiga marufuku lumbesa kwa miaka mingi, na gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Kila aliyewahi kununua mpunga shambani anajua yanayotokea. Gunia moja lina kilo 90, la pili lina 115, na karani anaandika "gunia 1" kwa yote mawili. Programu imeelezwa kwamba gunia ni kilo 100, nayo inafanya hesabu kwa uaminifu mkubwa. Mwisho wa mwezi kilo za kwenye kompyuta na kilo za kwenye stoo zinatofautiana, na lawama inaiangukia programu, ambayo haikupewa nafasi ya kujitetea.

Mfano wa pili unauma zaidi kwa sababu huleta ugomvi kazini. Mpunga ukikobolewa hautoi mchele wote. Sehemu kubwa inayobaki ni pumba na chenga. Tuseme aliyeiandaa programu aliweka kiwango cha asilimia 65, yaani kilo 100 za mpunga zitoe kilo 65 za mchele. Mashine ya kinu hicho ni kuukuu na kwa kweli inatoa asilimia 61. Kwa kila tani 10 za mpunga, kompyuta itadai kilo 6,500 za mchele wakati stoo ina 6,100. Kilo 400 zitaonekana zimeibwa. Mwenye mali atamfukuza mtunza stoo, ataajiri mwingine, na mwezi unaofuata kilo 400 zitapotea tena. Hapo ndipo anapoamua kununua programu mpya.

Tiba ya tatizo hilo ni kupima mashine kwa siku tatu na kubadilisha tarakimu moja. Kama programu inaruhusu tarakimu hiyo kubadilishwa na mhasibu mwenyewe, kazi imekwisha. Kama imefungiwa ndani ya msimbo wa programu na aliyeiandika amehama mji, basi hilo ni tatizo la mfereji, na tutalifikia.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya kumwita muuzaji yeyote, ni kuchukua makosa ya miezi mitatu iliyopita na kuyachambua moja moja. Chukua daftari, gawa ukurasa katikati. Upande mmoja andika makosa yaliyotoka kwa watu na taratibu: mizani, uandishi, bidhaa iliyotoka bila hati, risiti iliyoandikwa kesho yake. Upande wa pili andika makosa ambayo programu iliyafanya hata baada ya kupewa tarakimu sahihi. Ukurasa huo haugharimu chochote, na katika biashara nyingi upande wa kwanza hujaa mapema.

HESABU YA MIAKA 5

Baada ya hapo ndipo fedha ziingie. Tarakimu zifuatazo ni za kufundishia tu, lakini umbo lake linafanana na hesabu ambazo kinu chenye stoo mbili mjini Moshi kinaweza kukutana nazo.

Tuseme kuitengeneza programu iliyopo kutagharimu shilingi milioni 7 mara moja. Fundi wa kuiangalia atalipwa milioni 3 kwa mwaka. Hata baada ya matengenezo, makosa yatakayobaki yatakula milioni 4 kwa mwaka kwa maana ya bidhaa zisizoonekana, karani wa kurudia kuandika na adhabu za kuchelewa. Kwa miaka 5 hiyo ni milioni 7, jumlisha 15, jumlisha 20. Jumla ni milioni 42.

Programu mpya ni ya kukodi, shilingi 600,000 kwa mwezi. Muuzaji atakuambia hiyo ni milioni 36 kwa miaka 5, na kwamba sasa hivi unapoteza milioni 4 kila mwaka. Hatakuambia, au atakuambia kwa sauti ya chini, kwamba kuisimika na kuhamisha kumbukumbu za zamani ni milioni 9. Kwamba kufundisha watu na kuendesha mifumo miwili sambamba kwa miezi miwili ni milioni 5. Na kwamba intaneti ya uhakika, pamoja na ya akiba pale ya kwanza inapokatika, ni milioni 1.2 kwa mwaka, yaani 6 kwa miaka 5. Hapo tumefika milioni 56. Tukubali kwamba makosa yatashuka hadi milioni 1 kwa mwaka. Jumla ni milioni 61.

Matengenezo yameshinda kwa milioni 19. Isitoshe, sehemu kubwa ya gharama za mfumo mpya hutoka mwaka wa kwanza, na anayeendesha biashara kwa mkopo wa benki anajua kwamba milioni ya leo ni nzito kuliko ya mwaka wa tano.

Sasa badilisha tarakimu moja. Tuseme programu ya zamani, hata ikitengenezwa, itaendelea kula milioni 9 kwa mwaka badala ya 4. Gharama yake inapanda hadi milioni 67, na ile mpya kwa milioni 61 ndiyo nafuu. Uamuzi umegeuka, na kilichougeuza si bei ya leseni ambayo watu hubishania wiki nzima. Ni kiasi cha hasara inayosababishwa na programu yenyewe.

Na kama milioni 9 hizo zinatoka kwenye mizani na kwa makarani? Basi zitahamia kwenye mfumo mpya pamoja na watu haohao. Milioni 56 jumlisha 45 ni milioni 101. Mwenye kinu atakuwa amejenga mfereji mpya wa zege mahali ambapo maji yanachukuliwa juu.

PALE AMBAPO KUBADILISHA NI LAZIMA

Isieleweke kwamba ukurasa huu unashabikia programu kuukuu. Kuna hali ambazo kutengeneza ni kujidanganya.

Ya kwanza ni sheria na kodi. Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza Julai 1998 kwa asilimia 20, ikashushwa kuwa 18 mwaka 2009, na Sheria ya Fedha ya 2025 ikaleta asilimia 16 kwa mnunuzi wa kawaida anayelipa kwa njia ya kielektroniki. Programu iliyoandikwa vizuri ina jedwali la viwango. Mhasibu anaongeza mstari mmoja na kazi inaendelea. Programu iliyoandikwa vibaya ina tarakimu 18 imetawanywa sehemu nyingi ndani ya msimbo, na hakuna anayejua zote ziko wapi. Mashine za risiti za kielektroniki zilipoanza mwaka 2010 wengi waliona ni kifaa cha kuweka kaunta tu, lakini siku hizi mifumo ya kampuni inaweza kuunganishwa moja kwa moja na TRA, na programu isiyoweza kuongea na mifumo mingine inamlazimisha karani kuandika mauzo yaleyale mara mbili. Vyama vya ushirika navyo vimeingizwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwenye mfumo wa usimamizi uitwao MUVU, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka mwenye SACCOS kujua nani anafungua kumbukumbu za mwanachama. Programu ambayo kila mtu anaingia kwa neno la siri moja lililobandikwa ukutani haiwezi kutimiza hilo.

Ya pili ni msingi uliokufa chini yake. Microsoft ilisimamisha huduma za kawaida za usalama kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025. Kampuni ya Kijerumani ya SAP, ambayo programu zake zinaendesha makampuni makubwa duniani, imetangaza mwisho wa huduma ya kawaida kwa mfumo wake wa zamani kuwa mwishoni mwa 2027. Hapo mwenye kampuni hana la kuchagua juu ya tarehe. Anachoweza kuchagua ni kujiandaa mapema au kukimbizana dakika za mwisho na kulipa bei ya mwenye haraka.

Ya tatu, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo hatari kuliko zote kwa kampuni zetu, ni programu inayojulikana na mtu mmoja. Kijana mmoja aliiandika miaka 10 iliyopita, hakuna maandishi yoyote ya kueleza inavyofanya kazi, na kila inapogoma anapigiwa simu. Akiwa na homa, ankara hazitoki. Programu ya namna hii inaweza kuwa nzuri kuliko za kununua, lakini kampuni haina mali hapo. Ina urafiki na mtu. Kama anapatikana, mlipe aandike maelezo na akukabidhi msimbo wote mbele ya mtu wa pili. Kama hapatikani, anza kuhama mapema wakati programu bado inafanya kazi.

MITA ZA LUKU NA ZABUNI ZA SERIKALI

Tanzania imeona njia zote mbili kwa kiwango cha kitaifa miaka ya karibuni.

Mita za LUKU, kama mita nyingine za malipo ya kabla zinazofuata kiwango hicho duniani, huhesabu muda kwa dakika tangu mwanzoni mwa 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inatosha dakika 16,777,216, ambazo zilikuwa zimalizike Novemba 24, 2024. Baada ya siku hiyo mita ambayo haijarekebishwa isingepokea umeme mpya. Kungeweza kupendekezwa kung'oa mita zote nchini. Lakini mteja alipewa mafungu mawili ya tarakimu 20 ayaingize kabla ya yale ya umeme alionunua, na mita ikaanza kuhesabu muda kutoka mwaka mwingine. Mita za zamani sana zisizoweza kupokea marekebisho hayo ndizo zilizohitaji kubadilishwa. Hayo ni matengenezo yaliyopimwa sawasawa: kasoro moja inayojulikana, tiba moja, na uingizwaji kwa zile tu zilizoshindikana.

Upande wa ununuzi wa umma serikali ilienda njia nyingine. Mfumo wa TANePS, uliojengwa na kampuni ya nje, uliachwa na nafasi yake ikachukuliwa na NeST kuanzia Julai 2023, uliojengwa na wataalamu wa ndani. Sababu kubwa ilikuwa kuumiliki mfumo na kuuunganisha na taasisi nyingine kama BRELA na TRA. Kwa mtazamo wa mwenye mfumo hoja hiyo ina uzito. Wafanyabiashara wa Moshi wanaouzia halmashauri vifaa wanakumbuka upande wa pili wake: kujisajili upya, kujifunza upya, na vijana wa steshenari kupata biashara mpya ya kuwajazia watu fomu. Mfumo unapobadilishwa, sehemu ya gharama huhamia kwa wateja na wazabuni, na haionekani kwenye bajeti ya mradi. Msagaji anayebadilisha programu ya ankara ajiulize wateja wake wa jumla watasumbuliwa kiasi gani, na kama mshindani wa jirani hatawachukua wakati huo.

WALIOPATA HASARA UGHAIBUNI

Anayedhani mambo haya yanatushinda sisi tu kwa sababu ya uchanga wetu asome yaliyowapata wakubwa.

Lidl, kampuni ya maduka ya Ujerumani, ilianza mwaka 2011 kuleta mfumo mpya wa SAP. Kampuni hiyo ilizoea kuhesabu mali yake stoo kwa bei ya kununulia, wakati programu ilitengenezwa kwa bei ya kuuzia. Wenye duka hawakutaka kubadilisha desturi yao, hivyo programu ikarekebishwa, na marekebisho yakazaa marekebisho. Julai 2018 mradi ulifutwa, inakadiriwa baada ya kutumia euro milioni 500 hivi. Hapa ndipo penye siri ambayo wauzaji hawaisemi: ukinunua programu iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wengi, unanunua pia desturi zao za kazi. Kama huko tayari kubadilisha desturi yako, usiinunue. Na kama desturi yako ndiyo inayokuingizia fedha, kwa mfano namna unavyowakopesha wakulima mbolea na kukata deni lao kwenye mpunga wakati wa mavuno, basi jaribu jambo hilo kwanza kwenye programu mpya kabla ya kutazama picha zake nzuri.

Hershey, watengenezaji wa chokoleti wa Marekani, waliwasha mfumo wao mpya Julai 1999 baada ya kuubana mradi wa miezi 48 uishe kwa miezi 30. Julai ni wakati ambao maduka huanza kuagiza peremende kwa sikukuu za Oktoba na kuendelea. Maghala yalikuwa na bidhaa, lakini mfumo haukuweza kuzitoa. Oda za zaidi ya dola milioni 100 hazikutimizwa na faida ya robo mwaka ikashuka kwa asilimia 19.

Halmashauri ya jiji la Birmingham, Uingereza, iliiacha SAP na kuwasha Oracle Aprili 2022. Bajeti iliyoanza kwenye pauni milioni 20 hivi ilikuja kukadiriwa kuvuka milioni 100, na kwa muda mrefu jiji lilishindwa hata kufunga hesabu zake vizuri. Septemba 2023 lilitangaza kwamba haliwezi kumudu matumizi yake, na pamoja na madai makubwa ya mishahara, mfumo huo ulitajwa miongoni mwa sababu. Benki ya TSB ya hukohuko ilihamisha wateja wake wote kwenye mfumo mpya mwishoni mwa wiki moja Aprili 2018. Wateja hadi milioni 1.9 walikosa huduma, na Desemba 2022 benki ilitozwa faini ya pauni milioni 48.65.

Ukizitazama habari hizo, programu zilizohusika zinafanya kazi vizuri kwa wengine. Kilichovunjika ni kuhama: kumbukumbu chafu zilizobebwa, watu wasiofundishwa, na tarehe iliyopangwa na mkubwa asiyefika stoo.

MWENYE HISA AULIZE NINI

Msomaji mwenye hisa chache kwenye soko la Dar es Salaam, au akiba kwenye SACCOS, hatajua yaliyomo ndani ya seva ya kampuni. Hata hivyo ana maswali ambayo bodi haiwezi kuyakwepa kwa urahisi.

La kwanza ni namna gharama hizo zinavyoandikwa. Programu inayomilikiwa na kampuni inaweza kuwekwa kwenye mizania kama mali isiyoshikika na kupunguzwa thamani kidogo kidogo kwa miaka ya matumizi yake. Kwa hiyo kampuni inaweza kutumia mabilioni na faida ya mwaka huo isionyeshe jeraha lolote. Mradi ukivunjika, jeraha lote hutokea kwa siku moja kwa jina la kufuta thamani. Mwenye hisa atafute tarakimu ya mali zisizoshikika kwenye taarifa za mwaka. Kama inakua mwaka hadi mwaka na mfumo haujawashwa, aulize. Kwa programu za kukodi kwenye mtandao hali ni tofauti: mwaka 2021 kamati inayotafsiri viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha ilieleza kwamba gharama za kuiandaa na kuirekebisha programu ya namna hiyo, mara nyingi, si mali, zinaingia moja kwa moja kwenye gharama. Faida ya mwaka huo itashuka, na kushuka huko peke yake kusimtie mtu hofu ya kuuza hisa.

Kwa upande wa kodi ya mapato, kompyuta na vifaa vyake hupunguziwa thamani kwa asilimia 37.5 kwa mwaka, mali zisizoshikika hugawanywa kwa maisha yake, na ada ya kukodi hukatwa kama gharama ya mwaka. Mhasibu wa kinu cha Mabogini naye alizingatie hilo kabla ya kuchagua kati ya kununua na kukodi, kwani linaweza kubadilisha matokeo ya hesabu ya miaka 5 tuliyoifanya.

Swali la pili kwa bodi: nani mwenye mradi? Jibu likiwa ni "idara ya kompyuta", jitayarishe kwa hasara. Mwenye mradi anatakiwa awe mtu ambaye mauzo yake yatasimama mfumo ukigoma.

La tatu ni kama wana njia ya kurudi. Yaani siku mfumo mpya ukianguka saa 4 asubuhi, mauzo ya saa 5 yatafanyika kwa kutumia nini?

WAKATI WA KUHAMA

Viwanda vya sukari husimamisha mitambo wakati wa masika kwa ajili ya matengenezo, na hakuna meneja mwenye akili anayefungua kinu cha miwa katikati ya msimu wa kusaga. Programu ihamishwe kwa kanuni hiyohiyo. Kwa biashara ya mpunga, wiki za mavuno malori yanapopanga foleni si wakati wake, wala wiki ya mwisho ya kufunga hesabu za kodi. Anza na stoo moja. Endesha mifumo yote miwili mwezi mzima, na mwisho wa mwezi linganisha salio la kila mdaiwa, si jumla peke yake, kwa sababu jumla inaweza kukubaliana kwa makosa mawili yanayofutana.

Kumbukumbu za zamani zisibebwe zote. Mteja aliyenunua mara ya mwisho miaka 8 iliyopita, majina matatu ya mkulima mmoja yaliyoandikwa kwa herufi tofauti, bidhaa ambazo hazipo tena, vyote hivyo vibaki kwenye mfumo wa zamani utakaohifadhiwa kwa ajili ya wakaguzi na TRA. Kusafisha orodha ni kazi ya wiki kadhaa, na afanye karani anayewajua wakulima kwa sura. Mtaalamu kutoka Dar es Salaam hawezi kujua kwamba Mama Neema na N. Mushi wa Chekereni ni mtu mmoja.

Mkataba nao usainiwe baada ya kusomwa na mtu mwingine zaidi ya aliyeshawishiwa. Ndani yake pawe na kifungu kinachosema taarifa zote ni mali ya mnunuzi, na kwamba akiamua kuondoka atakabidhiwa zote ndani ya siku zilizotajwa, katika umbo ambalo programu nyingine inaweza kulisoma, bila malipo ya ziada. Pawe pia na bei ya mwaka wa pili na wa tatu kwa shilingi, kwa sababu ada nyingi hunukuliwa kwa dola. Muuzaji akikataa kifungu cha kwanza, mazungumzo yaishie hapo, na fedha zilizotengwa zinunue mizani.